Nani Alilipa Ukarimu wa Babu?

Masomo: 2 Wakorintho 8:12–15, Marko 7:9–13, Luka 19:1–10



Majuma mawili yaliyopita mchungaji alipokuwa akifundisha juu ya utoaji, alituuliza swali akaliacha hapo hapo: ni nani katika maisha yako ambaye ukimtaja, kila mtu anasema huyo alikuwa mtoaji? Mimi nilimfikiria babu yangu mara moja. Tulimzika mwaka jana kule Kapseret, akiwa na miaka 77. Baada ya ibada nilimfuata mchungaji nikamwambia kwamba ninaye mtu, lakini ushuhuda wake una sehemu ambayo sijui kama inafaa kusomwa kanisani. Akaniambia, "Basi anza na hiyo sehemu."

Kabla ya kuandika nimeomba ruhusa kwa mama yangu na kwa nyanya. Wamekubali. Mama ameniwekea sharti moja, nisimfanye Babu aonekane mtu mbaya. Hakuwa mtu mbaya. Yeyote aliyewahi kusukuma pikipiki iliyozima akafika kibandani kwake anajua hivyo.

Fundi wa Langas

Babu alikuwa fundi wa pikipiki. Kibanda chake kilikuwa Langas, mabati machache na meza ya mbao iliyokunywa oili mpaka ikawa nyeusi. Wazee wa rika lake bado waliuita mji huu Sisibo, kutokana na ile namba 64 ya shamba la zamani, na Babu aliuita hivyo mpaka mwisho. Eldoret ilipofanywa jiji tarehe 15 Agosti 2024, alisikiliza redio mpaka habari zikaisha, kisha akauliza, "Sasa pancha ya jiji itakuwa pesa ngapi?"

Alianza na baiskeli. Wakati huo pikipiki zilikuwa za kuhesabu: ya afisa wa kilimo, ya daktari wa ng'ombe, ya padri, ya mwalimu mkuu mmoja mmoja. Kazi ya kila siku ilikuwa baiskeli za bodaboda, zile ambazo zilianzia kule mpakani Busia zikivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda, halafu zikaenea mpaka kwetu. Kisha mwaka wa 2008 serikali ikaondoa kodi kwa pikipiki ndogo, bei ikashuka, na haukupita muda mrefu wale vijana waliokuwa wakikanyaga baiskeli wote wakawa juu ya injini. Babu alikuwa na miaka 60. Angeweza kusema hayo ni mambo ya vijana. Badala yake alikaa chini na injini ya Boxer mbele yake, akaifungua yote, akapanga kila nati juu ya gunia kwa mpangilio wa vile ilivyotoka, akairudisha. Akafungua tena kesho yake.

Ili muelewe alichokuwa akitoa, ni lazima mjue maisha ya mwendeshaji wa bodaboda. Mara nyingi pikipiki si yake. Jioni ni lazima apeleke hesabu kwa mwenyewe, awe amebeba watu au hajabeba. Klachi ikiisha saa nne asubuhi, huyo kijana hajapoteza pesa ya kutengeneza klachi peke yake. Amepoteza chakula cha siku hiyo, na deni la hesabu bado linamngoja. Pikipiki ikilala siku mbili, mwenyewe anaichukua anampa mtu mwingine. Kwa hiyo fundi anayemwambia "leta pesa kwanza" anaweza kuwa ndiye anayemaliza kazi yake kabisa.

Babu hakusema leta pesa kwanza. Alisema, "Enda ufanye kazi, utaniletea." Hayo maneno ninayasikia mpaka leo. Na hakuandika popote. Wengine walirudi jioni hiyo hiyo. Wengine walirudi baada ya mwezi. Wengine walibadilisha njia ili wasipite karibu na kibanda. Siku moja tulikuwa tumekaa naye, kijana mmoja ambaye alikuwa na deni la muda mrefu akapita kwa kasi akiangalia upande mwingine. Babu akasikiliza ile pikipiki ikienda, akasema, "Cheni inalia. Mwambieni aje nimkazie, itamwangusha."

Vijana wengi pia walijifunza ufundi kwake bila kulipa chochote. Wengine leo wana vibanda vyao Huruma, Munyaka, na huko Kipkaren. Aliwafundisha kusafisha kabureta wao wenyewe ili wasilipe mtu kila mara petroli chafu inapoiziba. Fundi mwenzake alimwambia anajiharibia biashara. Alijibu kwamba biashara ikiharibika kwa sababu watu wamejua, basi ilikuwa biashara mbaya.

Huyo ndiye babu ambaye Langas ilimjua. Ni kweli yote, na siondoi hata neno.

Mstari mmoja kwenye wasifu

Babu alipolala, jamii iliniagiza niandike wasifu wake kwa ajili ya kile kijitabu cha mazishi. Niliandika usiku kucha. Kuna mahali niliandika hivi: "Katika maisha yake yote hakuwahi kumnyima mtu." Nilikuwa nimeridhika na huo mstari. Asubuhi nilimpa Mama asome kabla haijapelekwa kwa mchapishaji. Alisoma polepole akiwa amesimama karibu na jiko. Alipofika hapo akaweka kidole, akasema, "Mimi alininyima."

Hakupandisha sauti wala hakulia. Aliendelea kusoma mpaka mwisho, akanirudishia karatasi, akaenda kuangalia maji ya chai.

Nilikuwa nikijua kwamba Mama hakumaliza shule. Sikuwa nikijua ni kwa nini. Siku hiyo ndipo aliponiambia.

Ilikuwa mwaka wa 1994, akiwa kidato cha tatu. Walifukuzwa karo, akaja nyumbani. Nyanya alikuwa akiuza maziwa, na kidogo kidogo alikuwa ameweka pesa kwenye kopo la Kimbo juu ya kabati, ikakaribia kutosha. Zilikuwa zimebaki siku chache Mama arudi shuleni. Wiki hiyo hiyo mtu mmoja alimletea Babu pikipiki ambayo pistoni yake ilikuwa imekwama. Mtoto wa huyo mtu alikuwa mgonjwa sana, amelazwa, na bila pikipiki baba yake hakuwa na njia ya kutafuta pesa wala ya kufika hospitalini. Babu hakuwa na pesa ya vipuri. Alikuja nyumbani mchana wakati Nyanya ameenda mtoni, akachukua kopo, akanunua pistoni na ringi zake, akamtengenezea huyo mtu. Mtu akaahidi kuleta pesa Ijumaa.

Hiyo Ijumaa haijafika mpaka leo.

Mama alikaa nyumbani muhula huo. Akakaa na muhula uliofuata. Mwaka uliofuata alienda kufanya kazi ya nyumba kwa watu Kapsoya. Hakurudi darasani tena.

Nilimwuliza kama yule mtoto alipona. Akasema, "Alipona. Nilifurahi, na hata sasa nafurahi. Mtoto apone. Lakini hakuna mtu aliyeniuliza."

Je, alikosa?

Wapendwa, hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu jibu si rahisi kama linavyoonekana.

Mtu anaweza kumtetea Babu, na nimejaribu kumtetea mimi mwenyewe. Uhai wa mtoto na karo, kipi kizito? Karo inaweza kungoja, ugonjwa haungoji. Yule Msamaria katika Luka 10 hakwenda kwanza nyumbani kumwuliza mke wake kama ile pesa ya mwenye nyumba ya wageni ilikuwa na kazi nyingine. Tena tunajua watu ambao "wa nyumbani kwanza" ni kisingizio chao cha kila siku. Wa nyumbani hawashibi. Ukingoja wa kwako watosheke ndipo utoe, utakufa hujatoa hata shilingi. Babu alikuwa akiogopa sana kuwa mtu wa namna hiyo.

Lakini Neno lina upande mwingine. Paulo anamwandikia Timotheo, barua ya kwanza sura ya 5 mstari wa 8, jambo gumu: mtu asiyewaangalia jamaa zake mwenyewe ameiacha imani, na aliye nje ya imani ana nafuu kuliko yeye. Na katika Marko 7 Yesu anawakuta watu wenye bidii ya dini waliogundua njia ya kuwanyima wazazi wao. Wanasema mali yao ni Korbani, yaani imetolewa kwa Mungu, basi baba na mama hawana tena lao humo. Yesu hakuwasifu kwa sababu wamemtolea Mungu. Aliwaambia kwamba wametumia sadaka kulivunja neno la Mungu. Nikisoma hapo najiuliza: kama hata sadaka iliyowekwa kwa Mungu haifuti haki ya mzazi, je, msaada kwa jirani unaweza kufuta haki ya mtoto?

Halafu kuna yule mjane wa Sarepta katika 1 Wafalme 17, ambaye kwangu ndiye mgumu kuliko wote. Alikuwa na unga wa mlo mmoja, wake na wa mwanawe, na Eliya akamwomba amtengenezee yeye kwanza. Alitoa. Kwa haraka mtu atasema, mnaona, naye alitoa chakula cha mtoto. Lakini angalieni vizuri. Kwanza, huyo mama alisema ukweli wote juu ya kilichokuwa ndani ya pipa, na mwanawe akitajwa. Pili, alipewa neno la ahadi kutoka kwa Bwana, si hesabu yake mwenyewe ya "atalipa Ijumaa." Na tatu, kama kungekuwa na njaa, ingekuwa njaa yake yeye na mtoto pamoja, katika nyumba moja. Hakubaki ameshiba sifa huku mtoto peke yake akilala njaa.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa la Babu lilikuwa wapi. Halikuwa katika kusaidia. Pengine hata Nyanya na Mama wangeulizwa, wangesema chukua. Nyanya mwenyewe ameniambia, "Ningempa. Angeniambia tu kuna mtoto hospitalini, ningempa." Kosa lilikuwa kwamba alitoa kilichokuwa mkononi mwa mwingine, bila kumwambia, kisha shukrani zote zikaja kwake. Yule mtu alimshukuru Babu. Hakujua kama kuna msichana aliyelipa ile pistoni kwa miaka miwili ya shule.

Paulo katika 2 Wakorintho 8 anawafundisha watu wa Korintho kwamba zawadi inapimwa kwa kile mtu alicho nacho, si kwa kile asicho nacho. Na anaongeza kwamba hakusudii wengine wapumzike huku wao wakilemewa. Anataka pawe na usawa. Zamani nilidhani hayo ni maneno ya kuwatuliza watu wasio na pesa. Sasa naona ni kipimo. Kilicho chako, toa mpaka uumie. Kilicho cha mwingine, mwulize kwanza mwenyewe, hata kama mwenyewe ni mke wako, hata kama ni mtoto wako wa miaka kumi na saba.

Mwaka wa 2008

Ningekuwa mwongo kama ningeacha ushuhuda hapo, kwa sababu Babu hakubaki mtu wa 1994.

Sisi wa Eldoret hatuhitaji kukumbushwa Januari ya 2008. Tunaijua Kiambaa. Langas nako kulikuwa kubaya. Karibu na kibanda cha Babu kulikuwa na fundi mwingine wa baiskeli, wa kabila lingine, mtu waliyekopeshana spana kwa miaka mingi. Huyo alikimbia na jamii yake mpaka uwanja wa maonyesho, kule Shougraundi, pamoja na maelfu ya watu wengine. Aliacha sanduku lake la vifaa na baiskeli tatu za wateja.

Babu alitaka kuvichukua avifiche kabla havijaibwa au kuchomwa. Safari hii alikwenda nyumbani kwanza. Akamwambia Nyanya, "Wakija kuuliza, wewe ndiye watakayekukuta hapa. Mimi nitakuwa nje. Unasemaje?"

Nyanya alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Vilete."

Wakaviweka kwenye ghala chini ya magunia ya mahindi. Baada ya siku chache vijana walikuja kweli, wakasema wamesikia kuna mali ya watu fulani hapa. Babu hakuwepo. Nyanya aliwaambia waketi, akawapikia chai, akawauliza mmoja mmoja habari za mama zao kwa majina. Walikunywa chai wakaenda. Anasema baada ya hapo miguu yake ilikataa kusimama mpaka jioni.

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari. Mvua zilipokuwa zimeanza, yule fundi alikuja Kapseret kwa uoga, hakujua atapokelewaje. Alikuta vyote, hata pampu. Babu alipotaka kushukuriwa, nadhani ndiyo mara ya kwanza, alisema, "Mshukuru huyu mama. Yeye ndiye aliyekaa navyo."

Mimi nikiangalia, ule ulikuwa ukarimu mkubwa kuliko ule wa pistoni, maana ulikuwa wa hatari. Na wote wawili walikuwa ndani yake kwa hiari. Nyumba ilikuwa imetoa.

Bahasha

Mwaka wa 2011 mimi nilikuwa nikienda kidato cha kwanza. Babu aliuza mashine yake ya kupiga upepo, ambayo ilikuwa ndiyo kitu cha bei zaidi kibandani, akarudi kwenye pampu ya mguu. Alikuja nyumbani kwetu jioni na bahasha. Nilidhani atanipa mimi, nikanyoosha mikono miwili. Alinipita, akampa Mama.

Akamwambia, "Hii si zawadi ya mtoto. Hii ni yako ya kidato cha tatu. Imechelewa."

Mama aliipokea, hakusema kitu. Alikaa nayo kwenye mapaja mpaka Babu akamaliza chai akaenda. Kesho yake ndiyo iliyolipa karo yangu, lakini Mama ndiye aliyeamua hivyo.

Kwa miaka mingi niliuona huo usiku kama ukarimu mwingine wa Babu. Sasa najua haukuwa ukarimu, na yeye mwenyewe alikataa kuuita hivyo. Tazama Zakayo katika Luka 19. Alipoguswa na Bwana, alisema mambo mawili, na hakuyachanganya. Nusu ya mali alisema anawapa maskini. Hiyo ni sadaka. Na wale aliowatoza kwa ujanja, alisema anawarudishia mara nne. Hilo ni deni. Angeweza kutoa yote kwa maskini, akasifiwa mji mzima, na wale aliowadhulumu wakabaki vile walivyokuwa. Wengi wetu tukiumwa na dhamiri ndivyo tunavyofanya. Tunaongeza sadaka mahali pengine, kwa sababu ni rahisi kumpa mgeni kuliko kumwangalia machoni mtu uliyemkosea.

Je, ile bahasha ilimaliza deni? Hapana. Mama alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Hakuna mashine ya kupiga upepo inayoweza kumrudishia mtu miaka yake ya kumi na saba na kumi na nane. Babu alijua hivyo, ndiyo maana akasema imechelewa. Lakini alilitaja deni kwa jina lake mbele ya anayedai. Mama anasema baada ya siku hiyo aliweza kumtembelea baba yake bila kitu kukaa hapa kooni.

Siku ya mazishi

Tuliubadilisha ule mstari. Nyanya ndiye aliyeamua tuandike nini. Alisema, "Kama mnaandika alitoa, mwandike pia kwamba kuna siku tulilala bila sukari kwa sababu ametoa. Watu wajue." Wajomba hawakupenda. Walisema mazishi si mahali pa mambo ya ndani. Mwishoni tukaandika hivi: "Alitoa sana, na jamii yake ilitoa pamoja naye, wakati mwingine bila kuulizwa. Kwa hilo aliomba msamaha akiwa hai." Sikuandika zaidi ya hapo.

Siku hiyo waendeshaji wa bodaboda walimsindikiza kutoka mjini mpaka Kapseret, taa zimewashwa, honi zinalia, wakiwa na zile jaketi zao za kung'aa. Niliwaza habari za Dorkasi katika Matendo 9. Alipokufa kule Yafa, wajane walimwonyesha Petro kanzu alizowashonea. Walilia wakiwa wamezishika. Hawa wa kwetu nao walikuwa wameketi juu ya kazi ya mikono ya marehemu. Ile klachi ilikuwa yake, ile kabureta ilipitia vidole vyake. Hata yule fundi wa 2008 alikuja, mzee sasa, akakaa karibu na Nyanya muda wote.

Baada ya kuzika, kijana mmoja mwenye kile kijitabu mkononi alikuja kwa Nyanya, akamwinamia, akasema ana deni la Babu la breki na tairi. Alimpa shilingi 600. Mwingine alileta mahindi wiki iliyofuata. Sitadanganya, wengi wenye madeni hawakuja, na hatukuwatafuta. Lakini wapo waliompa mkono Nyanya wakamwambia, "Asante, mama. Hatukujua." Alipokea hizo asante mpaka giza likaingia. Nilimwona akiketi wima kuliko nilivyowahi kumwona.

Kwetu sisi

Kwa nini nayaleta haya kanisani? Kwa sababu na sisi ni watoaji, na Mungu atusaidie tusiache. Lakini wangapi kati yetu tumesimama siku ya mchango tukaahidi ng'ombe, na mke akasikia habari za ng'ombe wake pamoja na kanisa zima? Ni dada wangapi wametoa pesa ya kodi ya nyumba kwa siri, na mume akajua mwenye nyumba alipofunga mlango kwa kufuli? Tunasema ni imani. Inaweza kuwa imani. Lakini imani ina ubaya gani ikiongea kwanza mezani nyumbani? Mwenzako akikataa, muombe pamoja. Mkikubaliana, hiyo sadaka itakuwa na watu wawili nyuma yake, au watano, na baraka yake itajua njia ya kuingia nyumbani.

Na tukimkumbuka mtu mkarimu, tusiogope ukweli. Biblia haikumficha Daudi wala Petro, na bado tunawapenda. Nikisema babu yangu alimkosea mama yangu, simtoi heshima. Namrudishia Mama ya kwake, na Babu anabaki na ya kwake, ambayo ni nyingi.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni nani anayelipa unapotoa? Je, anajua? Je, umewahi kumshukuru mbele ya watu?

2. Kuna mtu ambaye kile unachomwita zawadi kwake ni deni? Ungemwambiaje?

3. Soma 1 Wafalme 17:8–16. Mjane alisema nini kabla ya kutoa, na kwa nini ni muhimu?

4. Jamii moja inataka wasifu wa marehemu uwe na mema matupu, mtoto mmoja anasema hayo si kweli yote. Mngewashaurije?

Tuombe

Baba wa mbinguni, asante kwa wale waliotusaidia, na kwa wale wa nyumbani mwao waliolala na kidogo ili sisi tupate. Utupe mikono iliyo wazi. Utupe pia mdomo wa kuuliza kabla ya kutoa, na wa kuomba msamaha kabla ya kuzikwa. Katika jina la Yesu, amina.